Goti la Kushoto

Kuna mtu kazini alimwambia shangazi kwamba hapa London vyuo vya udaktari havitazami alama peke yake, vinataka mtoto mwenye mambo mengi. Basi binti yake, mdogo wangu, akapewa mambo: piano, kuogelea, kuwasomea wazee, na mchezo wa ngumi na mateke. Mimi, mtoto wa kaka yake niliyetoka Unguja bila kumaliza sekondari, nilimbebea begi kwenye mabasi. Nilipenda. Kila ukumbi nilijiona nami napandishwa jukwaani.

Siku ya fainali ya ngumi na mateke, kule Stanmore, barua ya binti ya kuomba chuo ilibakiza pengo moja tu, la medali. Bibi mmoja wa Kihindi aliyekaa mbele yetu alinigeuzia mfuko wa chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili. Nikachota, nikamshukuru kwa Kiingereza changu cha kuokota.

Raundi ya kwanza mdogo wangu alipigwa hasa. Ngumi ya pua, damu ikashuka mpaka kifuani. Teke la mbavu, nikalisikia kama mlango uliobamizwa. Nililia na chevda mdomoni. Shangazi hakulia. Alikuwa ameona mpinzani kafunga bendeji gotini, na katika mchezo huu kumpiga mtu gotini ni marufuku. Akasimama, akapaza sauti kwa Kiswahili, maana pale nani angejua.

"Goti la kushoto bovu hilo. Livunje, mwanangu."

Teke likatua. Mlio ulikuwa mdogo, kama kijiti. Msichana yule akaanguka, mguu umepinda kusikopindika, akapiga ukelele ambao hadi leo nausikia nikiwa ndani ya basi.

Refa akasema inaonekana ni bahati mbaya. Yule bibi akanyanyuka, chevda ikimwagika, akamgeukia shangazi.

"Mimi mzaliwa wa Tanga, mama. Goti hilo la mjukuu wangu."

Akamweleza refa kila neno. Shangazi akatabasamu, akasema mtoto wake kazaliwa hapa hapa, Kiswahili hajui hata cha salamu. Ungeamini, mdogo wangu hujibu kwa Kiingereza hata ukimuuliza kama ameshiba.

Bibi akamtazama mdogo wangu, aliyekuwa kapiga magoti kando ya majeruhi, kamshika mkono.

"Ulimsikia mama yako?"

Alifuta pua kwa glavu.

"Nilimsikia, bibi. Nikalilenga."

Refa akanigeukia mimi, akauliza mtoto amesema nini. Nikamtafsiria, polepole, huku kucha za shangazi zikinizama mkononi.