Paa wa Bonde Lililofungwa

Siku hizi nikiulizwa hukumu ya jambo huchelewa kujibu. Watoto wangu, waliozoea majibu ya papo kwa papo huko maofisini kwao, hudhani ni uzee. Nawaacha wadhani hivyo. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa umri alionipa, lakini katika umri huo limo jambo moja ambalo mpaka leo sijapata kulieleza kwa ukamilifu, hata kwa mke wangu.

Tulitoka Unguja mwaka sitini na nne, tukafika Maskati mwaka uliofuata, baada ya kusubirishwa ruhusa kwa miezi mingi. Tulikuwa wanne: mama yangu, mke wangu, mimi, na ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba. Mjini hapakuwa na nafasi ya watu kama sisi, basi tukafuata jamaa wa ukoo wetu katika mji wa pwani wa Qurayyat, siku tatu kwa njia ya milimani na punda wawili wa kukodi. Walitupa nyumba ya makuti ya mtende ukingoni mwa shamba lao. Walitupokea vizuri, sina la kuwalaumu. Mimi nilikuwa na elimu yangu ya dini niliyoipata Unguja, nikawa nasomesha watoto Kurani na mara nyingine naswalisha.

Ami hakuwa na kitu. Mikarafuu yake ilibaki kule, na kubwa zaidi ya mikarafuu, usasi wake ulibaki kule. Kusini mwa Unguja alikuwa kiongozi wa wasasi. Asiyewajua wasasi nitamweleza. Wavu wa kamba nene hutandazwa msituni, watu na mbwa huingia kutoka upande wa pili wakipiga makelele, na nyuma ya kila kipande cha wavu hujificha mtu mwenye kisu. Paa akinaswa, mtu yule humrukia na kumchinja kwa jina la Mungu kabla hajafa. Mnaweza kutoka alfajiri mkarudi magharibi na paa mmoja tu, au wawili, na siku nyingine mkarudi mikono mitupu. Paa wa kule ni wadogo, wanakaa mmoja mmoja, na ule msitu wa mawe unawaficha. Vijiji vitatu vilikuwa vikimngoja ami aseme twendeni.

Qurayyat hakuna aliyemngoja. Alipanda ngamia akaanguka mbele ya watu, na tangu siku ile binamu yetu, aliyekuwa na ngamia na mbuzi wengi, akawa anamwita mtu wa nazi. Tukikaa barazani kunywa kahawa, binamu humuuliza: "Mtu wa nazi, leo umepanda nini?" Watu hucheka, na ami naye hucheka, kisha usiku hali chakula.

Nyuma ya mji, mwendo wa nusu siku kwa miguu, lilikuwapo bonde lenye migunga na mikunazi, na ndani yake kundi la paa. Paa wa huku ni warefu wa miguu, wanatembea kwa makundi, na mahali pa wazi unawaona toka mbali. Bonde hilo lilikuwa limefungwa. Watu wa mlimani, wachunga mbuzi, walikubaliana tangu enzi za mababu zao kwamba hakuna atakayelisha humo, wala kukata kuni, wala kuwinda. Aliyekuwa akililinda wakati wetu ni mzee mmoja mchunga mbuzi, mwembamba, mwenye jicho moja lenye ukungu. Mwaka ukiwa mbaya kupita kiasi, yeye ndiye aliyelifungua: kila nyumba isiyokuwa na mwanamume ilipewa dume mmoja. Majike hawakuguswa. Ndio waliokuwa akiba ya wajane wa mlimani, na wajane hao hawakuwa na nyingine.

Mwaka wa tatu wa kukaa kwetu, mvua ilikuwa haijanyesha misimu miwili. Mbuzi wakawa wanakufa, na maneno yakaanza barazani. Wenye mbuzi walisema paa wamekaa juu ya majani wakati mifugo ya Waislamu inaanguka, na kundi lile sharti lipunguzwe ili bonde lilishwe. Mvuvi mmoja alisema paa hawana mwenyewe, na asiye na mwenyewe ni wa mwenye mbio. Mzee wa mlimani aliitwa, akaja, akaeleza kwa utulivu kwamba majike wana mimba wakati huu. Wakingoja mpaka baridi na mvua ikakosekana tena, atatoa madume, kama ilivyokuwa siku zote. Akiwatoa majike, alisema, hatakuwa amepunguza kundi, atakuwa amelimaliza.

Walibishana siku nyingi. Kiarabu cha ami kilikuwa kizito, mimi ndiye niliyekuwa nikimfasiria. Siku ya mwisho alinishika mkono, akasema niwaambie kwamba yeye anaweza kuwakamata paa wale asubuhi moja bila risasi hata moja. Risasi zilikuwa ghali, basi watu wakageuka. Mtu akauliza, na majike je? Ami akasema paa hawamaliziki: yeye amewasasa miaka thelathini, na kila mwaka msitu ni uleule na paa ni walewale. Hakuwa akidanganya. Kwao ilikuwa hivyo.

Ndipo binamu akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe umesoma. Paa wa porini ni halali au si halali?"

Nikajibu kwamba mnyama wa porini ni halali kwa anayemkamata, isipokuwa kwa aliye katika ihramu ya hija au aliye ndani ya Haram, ardhi takatifu ya Makka. Kila neno nililolisema lilikuwa la kweli na limo kitabuni. Lakini kitabu hichohicho kina mlango wa hima, yaani ardhi iliyofungwa kwa maslahi ya watu, na mlango huo nilikuwa nimeusoma nikaurudia mbele ya mwalimu wangu. Sikuutaja. Nilikuwa nikimtazama ami. Watu walikuwa wamemzunguka wakimuuliza kuhusu wavu, urefu wake na idadi ya watu wanaohitajika, na yeye ameketi wima kama alivyokuwa akiketi kwao. Nikaona uzito kumvunja mbele yao.

Mzee wa mlimani alinitazama kidogo, akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akavaa makubadhi yake akaondoka.

Nyavu tuliazima kwa wavuvi, zile nene za kunasia papa, tukaziunganisha. Ami alizitandaza mwenyewe kwenye mlango wa bonde, pale kuta mbili za mlima zinapokaribiana. Siku hiyo hakuna aliyemwita mtu wa nazi. Aliwapanga watu, wafukuzaji wakaingia kwa juu, na nyuma ya wavu akatuweka sisi saba wenye visu. Saba kwa hesabu ya kwao ni wengi. Nakumbuka alinipiga bega akasema, "Leo utaona, mwanangu," na macho yake yalikuwa ya kijana.

Paa walikuja wote kwa pamoja. Hapakuwa na kichaka cha kuwaficha wala cha kuwatawanya, wote walikimbilia mahali pamoja palipoachwa wazi. Kundi zima liliuvaa wavu kwa mpigo, miti iliyoushikilia ikang'oka, wavu ukawaangukia. Sisi saba tulikimbilia huku na huku. Paa akinaswa shingo anapiga miguu na kamba inazidi kumkaza, na hawa walikuwa wamelaliana, mmoja anamnyonga mwenziwe. Wengine hawakuwa na kamba shingoni wala jeraha popote, walilala macho wazi, moyo umesita kwa khofu. Mimi sikuwa nikijua kwamba mnyama anaweza kufa hivyo.

Niliwahi kumchinja mmoja, damu ikatoka kwa nguvu na mguu ukapiga. Wa pili nilipomshika hakutikisika. Nikasimama nikawaambia huyu amekufa, asiliwe.

Ami alikuja mbio, akaweka kiganja kwenye ubavu wa yule paa. "Bado ana moto, mwanangu."

"Moto si uhai, ami."

"Mguse basi. Mguse vizuri."

Nikamgusa. Nikamkata mbele ya macho yake, damu ikachuruzika taratibu kama maji yanayomwagika kutoka kopo lililoangushwa. Nikaenda kwa aliyefuata, kisha kwa aliyefuata, na watu wakinifuata nyuma wakingoja niseme. Walikuwa paa kumi na saba. Waliochinjwa wakiwa hai walikuwa wanne. Kumi na watatu nilisema ni nyamafu, mmoja baada ya mmoja, na katika hao majike walikuwa tisa, matumbo yao yamejaa.

Binamu aliniuliza kama mwenye dhiki hakuruhusiwa kula nyamafu. Nikamwambia ameruhusiwa yule anayeikhofia roho yake, kisha nikauliza: nani hapa anakhofia kufa kwa njaa leo? Majumbani kwetu zilikuwapo tende na papa mkavu. Ambao wangeweza kujibu swali lile hawakuwapo pale. Walikuwa juu mlimani.

Mzee alifika jua likiwa limepanda. Sijui nani aliyempelekea khabari. Alipita kutoka paa huyu mpaka yule, akimshika kila mmoja sikio, kama anayeamsha watoto. Alipomaliza alikuja kwangu.

"Barazani ulisema halali," akasema. "Leo unasema haramu. Sikubishii, yote mawili umeyasoma. Nina wajane watano huko juu. Niambie nikawaambie nini."

Ami, ambaye safari hii hakuhitaji kufasiriwa, alimbeba yule paa aliyekuwa fungu lake, mmoja katika wanne wa halali, akamweka miguuni pa mzee. Mzee alimwinua begani akapanda naye. Sisi tulichimba shimo, tukawazika wale kumi na watatu, tukajaza mawe juu ili mbwa wasiwafukue. Kazi hiyo ilituchukua mpaka alasiri.

Baridi ilikuja na mvua haikuja. Watu wa mlimani wakaanza kushuka, wakajenga vibanda karibu na mashamba ya tende, wakila tende kavu walizoruhusiwa kuokota. Ami alikuwa ameshaondoka. Alikwenda Kuwait kulinda ghala la mtu, akatuletea salamu kila alipopata wa kumtuma, na hakuna hata mara moja alipotaja usasi. Alifia hukohuko, Mungu amrehemu. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, na nadhani hilo lilimwumiza zaidi ya utani wa nazi.

Mmoja wa wale wajane, mke wa marehemu mwana wa yule mzee, alishuka akiwa mgonjwa, amebeba mtoto mgongoni. Mama yangu alimpikia uji siku nne. Siku ya tano alifariki, mama akamwosha, na mtoto akachukuliwa na babu yake. Mama aliniambia alipotoka kwamba maiti ile ilikuwa nyepesi kuliko nguo alizovaa. Njaa peke yake ndiyo iliyomwua? Sijui, alikuwa na homa vilevile. Najua tu kwamba mwaka ule bonde halikufunguliwa kwa sababu hapakuwa na cha kufungulia.

Nilitaka mwengine aswalishe. Mzee akakataa, akanisukuma mbele kwa mkono wake. Nikaswalisha, tukazika. Watu walipotawanyika nilibaki naye kaburini, nikamwambia yote: kwamba ule mlango wa hima niliujua, neno kwa neno, na kwamba siku ile barazani niliunyamazia kwa ajili ya uso wa ami yangu. Nilimwomba anisamehe. Alinisikiliza huku akisawazisha udongo kwa viganja.

Hakusema amenisamehe wala hakusema hakunisamehe. Aliniambia kwamba jike mmoja alipita pembeni siku ile, akatokea juu. Ameziona nyayo zake. Yeye humpelekea maji kila siku ya pili, humimina kwenye kishimo cha jiwe chini ya mkunazi.

Nikamwuliza kama kuna dume.

"Hakuna," akasema. "Labda Mungu atamleta mmoja kutoka bonde jingine."

Tangu wiki ile nikawa namsaidia. Nilibeba kiriba kimoja na yeye kimoja, tukapanda, tukamimina, tukarudi. Yule jike sikumwona hata siku moja. Niliziona nyayo tu, ndogo, zimefika majini na kurudi. Mvua zilirudi mwaka uliofuata na majani yakaota bondeni mpaka magotini, na sisi tukaendelea kupeleka maji kwa mazoea, maana mvua ile ilikuwa ya siku chache.

Mwaka sabini, kabla ya kuhamia kwetu Maskati, tulipanda asubuhi moja tukakuta maji ya juzi yamo kishimoni. Yalikuwa yamepungua kwa jua tu, na udongo wa pembeni ulikuwa laini, hauna alama. Tukarudi siku mbili baadaye, ikawa vilevile, na mara ya tatu vilevile. Mzee aliuangalia ule udongo kwa jicho lake zima. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akainama, akatawadha kwa maji yale. Nikatawadha baada yake. Adhuhuri ilikuwa imeingia, akanitanguliza niswalishe, tukaswali wawili.