Harufu ya Nyonyo Iliyoungua

Nchagwa wa Susuni alikuwa na miaka sabini na mitatu asubuhi ile aliposimama katikati ya njia, jembe begani, akasahau alikokuwa anakwenda. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Regina, mjane wa Simioni, ambaye huuza mafuta ya nyonyo kwa wasusi wa Sirari. Mbegu alikuwa amekwisha kuzikaanga, kuzitwanga na kuzichemsha, na sasa alikuwa anaengua mafuta yaliyoelea juu. Matone machache yakaangukia figa lenye moto, yakaungua, na harufu yake ikavuka ua wa minyaa hadi njiani.

Mpita njia mwingine angekunja pua akaendelea na safari. Nchagwa alifumba macho. Ilikuwa harufu tamu, ila utamu wake ulikuwa na ukali unaoshuka na kukaa nyuma ya koo. Mara ya mwisho kuinusa alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mjini Kisumu, katika gereji ya kalasinga mmoja aliyependa mashindano ya pikipiki kuliko chakula. Siku hizo pikipiki zake za mashindano hazikutiwa mafuta ya kawaida ya kulainisha injini. Zilitiwa mafuta ya nyonyo yaliyosafishwa, yakiletwa kwa makopo kutoka ng'ambo, na injini ikishapata moto moshi wake ulinukia uwanja mzima. Vijana wa gereji walirudi nyumbani na harufu hiyo kwenye nywele. Nchagwa alikuwa haogi Jumapili ili asiipoteze mapema.

Pale Susuni kila mtu alimwita Fundi. Jina hilo alijipa mwenyewe. Mpaka na nchi jirani ulipofungwa mwaka wa sabini na saba alirudi nyumbani na ovaroli moja na hadithi nyingi, jinsi alivyokuwa akifungua na kufunga injini za washindi, na kwa kuwa alijua kidogo kuziba pancha na kukaza nati, watu wakamwamini. Ukweli ni kwamba Kisumu alikuwa anaosha vyuma kwa mafuta ya taa. Fundi alikuwa Simioni. Walikuwa wa rika moja, wametahiriwa msimu mmoja, na ni Simioni aliyemwita aje Kisumu, akamwombea kazi, akagawana naye chumba na blanketi.

Asubuhi ile Nchagwa aliingia uani kwa Regina akasema amepita tu kumsalimu. Regina akampa kigoda. Siku mbili baadaye akarudi na mzigo wa kuni. Juma lililofuata akaleta gunia la mbegu za nyonyo alizochuma kandokando ya mto. Akawa anakuja kila siku ya kuchemsha, na siku moja akamwomba Regina adondoshe tone moja juu ya figa, makusudi. Regina alicheka, akadondosha.

"Unapenda nini katika moshi huu?" alimuuliza. "Marehemu alikuwa akiusikia anaondoka nyumbani. Nilikuwa nasubiri aende shamba ndipo nichemshe."

Nchagwa alisema harufu hiyo inamkumbusha ujana. Siku iliyofuata ya kuchemsha alirudi tena.

Nyumba za Susuni hazifichi kitu. Tabitha, jirani wa Regina, aliwaona wawili hao jikoni mara tatu, mara ya nne akaona sasa inatosha. Akamweleza Gati, mke wa Nchagwa, mahali pasipofaa kabisa, mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, wanawake wengine wakisikia.

Gati hakuwa mtu wa kelele. Alisubiri mumewe amalize kula.

"Unakwenda kufanya nini kwa Regina?"

"Nakwenda kunusa harufu."

Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na sita, wamezika watoto wawili na kuoza watatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpa jibu la kitoto kama lile. Nchagwa aliona uso wa mkewe ukikunjamana. Angeweza kueleza. Lakini kueleza harufu kulikuwa kueleza gereji, na kueleza gereji kulikuwa kueleza Simioni. Akaosha mikono.

Jumapili iliyofuata Regina alipokaa kwenye benchi lake, wanawake wawili waliokuwa hapo walisogea, kisha wakahama. Aliimba peke yake, kichwa chini. Nchagwa alikuwa upande wa wanaume, safu tatu nyuma, na aliiona shingo ya yule mama ikitetemeka. Akajua anafanya tena kile alichokifanya miaka hamsini iliyopita. Kosa lilikuwa lake, na mtu mwingine alikuwa anaaibishwa mbele yake, naye amekaa kimya.

Kilichotokea Kisumu kilikuwa hivi. Siku moja kabla ya mashindano makubwa ya mwaka, Simioni alikwenda kula mchana akamwachia Nchagwa gereji. Pikipiki ilikuwa imesimama juu ya meza, mafuta ya injini bado hayajatiwa, na kopo la mwisho la nyonyo lilikuwa wazi kando yake. Nchagwa aliinama kulinusa, kama alivyozoea, kiwiko chake kikaligonga. Zaidi ya nusu ilimwagika sakafuni. Alipangusa kwa matambara, akachoma matambara nyuma ya gereji, kisha akachota mafuta ya injini ya lori akajazia kopo hadi mafuta yakafika pale yalipokuwa. Rangi haikutofautiana sana. Simioni aliporudi aliyatia yote kwenye injini bila wasiwasi.

Kesho yake pikipiki ilizunguka uwanja mara nne. Mzunguko wa tano injini ikakwama, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka ghafla, na mwana wa kalasinga akarushwa, akavunjika bega na mguu. Injini ilipofunguliwa ndani mlikuwa na utandu mzito kama gundi. Mzee mwenye gereji alimwita Simioni, akamuuliza alitia mafuta gani. Simioni akasema ya nyonyo. Akaulizwa tena, na tena. Ndipo mzee akamgeukia Nchagwa, akamuuliza kama aliona chochote.

Nchagwa alisema, "Nilimwona ameshika kopo la mafuta ya lori."

Simioni hakumbishia. Alimtazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Jioni ile alifungasha vitu vyake akapanda gari la kurudi Tarime. Blanketi alimwachia Nchagwa.

Jumatatu baada ya ibada ile, Nchagwa alikwenda kwa Regina. Moto haukuwa umewashwa. Regina alikuwa anapembua mbegu kwenye ungo, na alipomwona hakumpa kigoda. Alimwomba kwa heshima arudi kwake, maana yeye ni mjane na jina jema ndilo pekee alilobaki nalo.

"Shemeji," Nchagwa alisema, akiwa amesimama, "Simioni hakuharibu ile pikipiki. Niliharibu mimi. Nikasema ni yeye."

Akamweleza yote, hata matambara. Regina aliendelea kupembua hadi akamaliza, kisha akauweka ungo chini.

Nchagwa alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa miaka mingi, usiku, alikuwa amefikiri kwamba Simioni alijua, kwamba alikufa anajua, na kwamba ukimya wake ulikuwa aina ya dharau. Dharau hiyo alikuwa ameizoea. Alichoambiwa na Regina hakuwa amekizoea.

"Hakujua," Regina alisema. "Aliamini ni yeye. Wewe ulikuwa ndugu yake wa rika, ukisema umeona, basi umeona. Aliniambia wakati ananioa kwamba kichwa chake kiliwahi kupotea siku moja, na kinaweza kupotea tena, kwa hiyo nisimwachie kitu cha hatari. Hakushika mashine tena. Hata redio hakuifungua. Mwaka ule wa mwisho akiwa kitandani aliniuliza, 'Regina, hivi mtu anaweza kushika kopo asijue ameshika kopo gani?' Mimi ningemjibu nini?"

Nchagwa alitafuta pa kukaa, akakumbuka hajakaribishwa.

Regina akamweleza na habari ya Erasto, mwanawe wa kwanza. Alipomaliza shule alitaka kusomea ufundi wa magari. Baba yake akakataa, akasema ukoo wao si wa mashine. Wakagombana, kijana akaondoka, na tangu hapo wakawa wanaonana misibani tu, mpaka msiba wa baba mwenyewe. Sasa Erasto alikuwa fundi katika kambi moja ya watalii karibu na Natta.

"Usiniombe mimi msamaha," alisema. "Nenda ukamwambie Erasto. Na leo, kabla jua halijazama, mwambie mkeo ulichokuwa unakuja kutafuta hapa."

Alimwambia. Gati alikuwa anamenya mihogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaacha kisu, akafunga kanga yake vizuri, akaenda kwa Regina bila kumjibu mumewe neno. Alirudi macho yakiwa mekundu. Jumapili iliyofuata walikaa benchi moja, yeye na Regina, na Tabitha akaja akakaa nao. Nchagwa hakujua walichosemezana, na hakuona kama ana haki ya kuuliza.

Kwenda Natta kulimchukua siku nzima. Alipanda basi la Mugumu, akamalizia kwa lori la mchanga, mavumbi yamemjaa kichwani. Erasto alikuwa chini ya gari la kambi. Alitoka, akajifuta mikono, akamwamkia.

"Shikamoo, baba mdogo. Mama yuko salama?"

"Marahaba. Yuko salama. Nimekuja kukwambia habari ya baba yako."

Alieleza mara hii kwa shida zaidi kuliko mara mbili za kwanza, kwa sababu aliyekuwa anamsikiliza alikuwa na mikono ya Simioni, vidole vifupi, kucha pana. Erasto hakumkatiza. Mwishoni aliuliza swali moja tu, alimwaga kiasi gani. Nchagwa akasema kama lita moja na kitu.

"Mafuta hayo mawili hayapatani," Erasto alisema polepole. "Yakichanganywa huganda, yanaziba njia. Ungesema mchana ule ule, pikipiki isingekwenda mashindanoni. Ingebaki gereji. Mzee angekugombeza, basi."

"Ndiyo."

"Uliogopa kugombezwa tu, baba mdogo?"

Erasto alimletea chai na chapati, akamtafutia mahali pa kulala na wapishi, akarudi chini ya gari. Asubuhi alimsindikiza hadi barabarani. Alisema atakuja Desemba, na siku hiyo anataka haya yasemwe mbele ya watu, pale nyumbani kwa baba yake.

Alikuja na mke na watoto. Watu wa ukoo walikaa uani kwa Regina, pamoja na mzee Kisyeri, ambaye kwa rika lao ndiye pekee aliyebaki ukimtoa Nchagwa. Nchagwa alisimama akasema. Alisema pia kwamba hakuwahi kuwa fundi, na kwamba wasimwite hivyo tena. Mtu mmoja alicheka kidogo kwa kutojua afanye nini. Kisyeri alikaa akichorachora ardhi kwa fimbo.

"Simioni alitufundisha kuendesha baiskeli sisi wote," alisema mwishowe. "Halafu tukamwacha aamini yeye ni mjinga."

Alisema "tukamwacha", ingawa yeye hakuhusika kwa lolote, na neno hilo lilimchoma Nchagwa kuliko laana.

Chakula kikaletwa. Alipewa sahani kama wengine, nyama na ugali, na hakuna aliyesogea mbali naye. Alikula kidogo kwa sababu kuacha kungekuwa kutafuta kubembelezwa. Jua lilipoelekea kushuka Gati aliaga wenyeji, akatangulia njiani. Kwa kawaida angemsubiri penye kilima. Leo hakusubiri, na Nchagwa hakumwita. Alitembea nyuma yake kwa mwendo wake wa kizee, akiuona mgongo wa mkewe mbele, mpaka nyumbani.