Nilivyomfanya Mama Mkubwa Mjane

Mimi si msemaji. Darasani najua jibu na mkono sinyooshi. Kwa hiyo haya nayaandika tu.

Mama mkubwa, ninayeishi naye hapa Mshangano, ni fundi cherehani. Benki walimpa kadi ya mkopo ili aagize vitambaa vya sare mtandaoni, kutoka Dar. Ilibidi taarifa za akaunti zijazwe kwenye simu. Akanipa simu huku mguu wake uko kwenye pedeli.

"Nijazie, mwanangu. Wewe ndiye msomi."

Nikajaza jina, kata, kazi. Nikafika penye hali ya ndoa. Ya kuchagua yalikuwa manne: hajaolewa, ameolewa, ametengana, mjane.

Baba mkubwa alikwenda Tunduru kwenye korosho, msimu wa juzi, na hajarudi. Tunasikia ana nyumba nyingine huko. Kwetu jambo hilo halizungumzwi. Hata jumuiya ya kanisa ikija kusali nyumbani, hakuna anayeuliza. Mama mkubwa akimtaja husema, "Alikuwa anapenda ugali mgumu," kama anavyotajwa mtu aliyezikwa. Sasa mtoto atamuulizaje mtu mzima, "Eti, wewe bado umeolewa?" Nikautazama mgongo wake. Nikawaza kwamba mjane ana heshima yake, hata kuni huletewa. Nikabonyeza mjane.

Wiki ya pili kadi ikagoma. Muuzaji akapiga simu: malipo yasipoingia jioni ile, vitambaa anampa mteja mwingine. Na shule zilikuwa zinafungua Jumatatu, wazazi wanasubiri sare. Tukaenda benki mjini haraka haraka.

"Shikamoo, mama," alisema kijana wa dirishani, akitazama kompyuta yake. "Pole sana kwa kuondokewa na mzee."

"Marahaba. Mzee yupi?"

"Mume wako. Fomu uliyojaza hapa kwa mkono inasema umeolewa. Mtandaoni unasomeka mjane. Hazilingani, ndiyo maana kadi imefungwa."

Mama mkubwa akanigeukia. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Nyuma yetu mama mmoja akapaza sauti, "Jamani, wengine tunawahi gari la Lusewa! Kama kafa, kafa!"

Watu wakacheka.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mpaka kijana akasogeza sikio. "Niliogopa kumuuliza."

"Hamna shida, tunasahihisha. Kwa hiyo mzee yupo?"

"Yupo," akasema mama mkubwa. "Mzima kabisa."

"Basi naweka ameolewa."

"Weka."

Kijana akaanza kubonyeza. Mama mkubwa akashika ukingo wa dirisha.

"Subiri, baba. Hakuna jingine?"

"Jingine lipi, mama?"

Alinitazama mimi. "Wewe uliyaona yote kwenye simu. Mwambie."

Watu wote wa foleni walikuwa wamesogea kusikiliza, hata yule wa Lusewa.

"Ametengana," nikasema.

"Hilo," akasema mama mkubwa. "Andika hilo."

Alitia sahihi fomu mpya taratibu. Kadi ikafunguliwa, na muuzaji akalipwa tukiwa bado pale kwenye ngazi za benki. Tukaanza kurudi.

"Ungeniuliza tu," akasema.

"Ungenijibu nini, mama mkubwa?"

Akafikiri.

"Ningekufukuza na mkasi." Tukatembea hatua kadhaa. "Halafu ningekuita urudi."