Mtungi Usio na Hewa

Kabla ya kuendesha gari la wagonjwa nilikuwa dereva wa malori. Miaka saba nilipeleka saruji Zambia, mpaka mgongo ukakataa. Wakati huo tulikuwa tumepanga mtaa wa Chapwa, na mke wangu ndiye aliyesikia kwamba mwenye zahanati moja binafsi pale Tunduma ameleta gari la wagonjwa kutoka Dar es Salaam na anatafuta mtu mzima wa kuliendesha. Nikaenda. Bosi alitazama leseni yangu, akaniuliza kama nakunywa pombe, nikamwambia niliacha. Akanikabidhi ufunguo. Kuhusu wagonjwa hakuniuliza neno.

Lilikuwa gari dogo la abiria lililong'olewa viti. Ndani waliweka kitanda cha chuma cha magurudumu, na kwenye kona wakasimamisha mtungi wa oksijeni. Juu kulikuwa na taa nyekundu na king'ora. Enzi zile mgonjwa wa kawaida alisafiri kwa pikipiki au nyuma ya pikapu, kwa hiyo tulipopita barabarani watu walitupisha kwa heshima, na mimi nilijiona nafanya kazi kubwa. Niliendesha nilivyojua: king'ora na mguu mzito. Magurudumu ya kitanda hayakuwa na breki, nikakifunga kwa mpira wa tairi, ule ule tuliofungia maturubai kwenye malori. Muuguzi hakuwepo. Mgonjwa alipanda na ndugu zake, basi.

Asubuhi moja tulimpakia mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa Hasamba, aliyekuwa kwa binti yake hapo Tunduma. Kifua kilikuwa kimembana. Tulikuwa tunampeleka Mbeya. Kabla hatujafika Vwawa, binti yake akagonga kioo nyuma yangu.

"Kaka, simama! Baba anashindwa kupumua!"

Niliegesha pembeni, nikazunguka nyuma. Mzee alikuwa amelala chali, macho yamemtoka. Nilikuwa nimeonyeshwa mara moja namna ya kufungua mtungi, nikamvalisha kile kikombe cha plastiki puani na mdomoni, nikazungusha koki. Sikusikia kitu. Nikazungusha hadi mwisho. Hata mlio mdogo haukutoka.

"Imefunguka?" binti akauliza.

"Imefunguka, dada. Itamsaidia."

Nilimdanganya. Mpaka leo sina maelezo mazuri zaidi ya kwamba alikuwa ananitazama, nami sikuwa na la kumpa. Nikarudi kwenye usukani, nikakimbiza gari mpaka hospitali ya Vwawa. Wakampokea, wakamtia hewa. Mzee alipona. Baada ya wiki mbili binti yake alikuja zahanati na mkungu wa ndizi, akaniamkia kwa kupiga magoti kama mtu anavyomwamkia baba yake mdogo. Ndizi zile nilimpa jirani.

Nilimwambia bosi kwamba mtungi hauna kitu.

"Najua," akasema. "Kuujaza ni mpaka Mbeya. Lakini mgonjwa akiuona tu anapata moyo."

Miezi michache baadaye aliajiri muuguzi, mama wa Kinamwanga aliyekuwa amestaafu serikalini. Siku ya kwanza alipanda nyuma ya gari na daftari lake. Alisukuma kitanda kwa goti, kikateleza. Akapiga mtungi kwa kidole. Akashuka.

"Hili ni gari la mizigo," akaniambia. "Mimi si mzigo."

Sijui kwa nini, lakini nilimweleza habari za yule mzee, yote, pamoja na uongo wangu. Nilitegemea aniambie ni bahati mbaya. Hakusema hivyo.

"Ungemwambia binti ukweli, mngemkalisha baba yake wima. Mtu mwenye kifua halazwi chali. Hilo halihitaji mtungi."

Maneno yale yaliniuma kuliko kama angenigombeza.

Siku ile ile aliingia kwa bosi, nami nikamfuata. Akasoma daftari: mtungi ujazwe na ufungwe ukutani, kitanda kiwe na breki na mikanda, gari lisitoke bila muuguzi. Bosi akasema Tunduma nzima hakuna gari kama lile, sasa watu wanataka nini tena?

"Basi mimi sipandi," mama akajibu.

Nikaweka ufunguo mezani. "Na mimi siendeshi, bosi."

Gari lilikaa uani siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu bosi alimwita fundi wa kuchomelea.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote tuliifanya baada ya hapo, tukitoka Chitete. Wakati huo Chitete haikuwa makao makuu ya wilaya. Tulimfuata mke wa mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyejifungulia nyumbani na damu ikakataa kukatika. Mumewe alikaa mbele nami, fimbo katikati ya magoti. Nyuma mama muuguzi alikuwa ametundika dripu, mkono wake ukikanda tumbo la mgonjwa. Barabara ilikuwa makorongo matupu. Kila nilipoongeza mwendo, mama aligonga kioo.

"Polepole! Hapa nyuma siwezi kumshika!"

Yule mwanamume akanigeukia. "Dereva, mbona unatembea kama umebeba mayai? Mke wangu anakufa."

"Ndiyo, baba, ni mayai," mama akajibu kutoka nyuma. "Kaa kimya nifanye kazi."

Nilimwona anavyoikaza ile fimbo mkononi. Tulisimama mara mbili mama apate kulikanda tumbo damu isimame. Tunduma tukakuta malori yamefunga barabara. Nilitaka kupita upande usio wangu kwa king'ora, mama akakataa. Nikashuka, nikaenda kwa miguu kuwaomba madereva mmoja mmoja. Wengi walinifahamu. Wakasogea.

Tulifika Vwawa saa tisa mchana, mgonjwa akiwa bado anaitika jina lake.

Baada ya mavuno ya mpunga mumewe alikuja zahanati, akanikuta naosha gari.

"Siku ile niliapa," akasema, "kwamba akifia njiani, nawe hutafika."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza kama gari linaweza kufika Chitete wakati wa masika. Nikamwambia haliwezi, matope ya kule yanazamisha hata trekta.

"Basi mimba nyingine ikija," akasema, "nitamleta mapema akae hapa mjini kwa shangazi yake."

Akaniaga, akaenda kumtafuta mama muuguzi ampe habari za mtoto aliyezaliwa siku ile.