Soksi Chini ya Filta

Baba yangu mdogo ana chenso moja, msumeno wa injini wa kukatia miti. Zamani alikuwa na nyingine, na hiyo bado ipo, imelala chini ya kitanda cha wageni, pistoni yake imechubuka upande mmoja kama goti la mtoto. Ilikufa katikati ya kiangazi kwenye shamba la mitiki upande wa Mang'ula, akalazimika kurudi kwenye vibarua vya mpunga kule Mngeta mpaka alipopata hii ya pili. Kwa hiyo niliporudi Ifakara na shahada yangu isiyo na ajira, nilikuta nyumba nzima inaisikiliza mashine hii jinsi watu wanavyosikiliza kikohozi cha mgonjwa. Akiiwasha uani asubuhi na sauti ikayumba kidogo, mama mdogo anaacha kupepeta mchele.

Kiangazi kilipokolea, sauti ikaanza kuyumba kila asubuhi.

Kila mtu alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu moja: petroli. Fundi alisema petroli. Majirani walisema petroli, hiyo inayouzwa kwenye chupa. Mwenzake baba mdogo wa kazi, Msukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe wa baba yake akaishia kubeba mbao, naye alisema petroli. Mimi nina ugonjwa wa kutoliamini jambo ambalo watu wote wanalisema kwa uhakika mmoja.

"Mbona pikipiki yako inakunywa petroli hiyo hiyo na haikohoi?" nilimuuliza yule mwenzake.

"Pikipiki yangu ina roho ngumu," alisema. "Imezoea kuteswa."

Nikaomba nifunguliwe nione filta ya hewa. Hapo ndipo nilipokutana na soksi.

Hiyo soksi ilikuwa ugunduzi wa baba mdogo mwenyewe. Mtiki ukikatwa hutoa unga laini wenye mafuta mafuta, na ukiuchanganya na vumbi la njia za shamba wakati wa jua, filta inaziba kabla ya saa ya chakula. Baada ya ile chenso ya kwanza kuanza kumsumbua, alichukua soksi ndefu nyepesi za mama mdogo, zile anazovaa siku za kwaya, akaivika filta soksi moja, na ili isivuke akakunja pindo lake na kulibana chini ya filta. Watu wakaona, wakaiga. Siku hizi ukitaka kujua nyumba ya mkata mbao pale Katindiuka, muulize mama mwenye nyumba soksi zake ziko wapi.

"Unaona?" baba mdogo aliniambia, akiivua. Soksi ilikuwa ya kahawia, filta ndani nyeupe. "Vumbi limekomea hapa."

Nikaingiza kidole kwenye mdomo wa kabureta, ile njia ambayo hewa hupita ikishatoka kwenye filta. Kikatoka na unga wa kijivu, laini kama poda.

"Na hili?"

"Hilo la siku nyingi."

"Baba mdogo, vumbi linavuja."

Yule mwenzake alicheka mpaka akakaa chini. "Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, "maji ndiyo yanavuja. Siri inavuja. Vumbi linavujaje? Mlisomea chuo gani hicho?"

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Vuja. Vuja, lete maji, ila yasivuje. Vuja, ulilalaje? Nilijitetea kwamba vumbi laini linapita kwenye upenyo kama maji, halihitaji tundu la kuonekana. Nilipoona maneno yananizidi nguvu, nikaomba jaribio. Niusafishe ule mdomo kabisa, nipake grisi nyembamba kuuzunguka kwa ndani, tufanye kazi, kisha tufungue. Vumbi likipita litanasa kwenye grisi, na tutaona limepitia wapi.

Baba mdogo aliiangalia mashine. Fundi alikwisha kumwambia asiruhusu mtu kuchezea sehemu ile. Grisi ikizidi, inavutwa ndani. Nilijua anachokipima, maana hata mimi nilikipima.

"Ukiniulia hii," alisema, "tunakwenda wote Mngeta." Akanipa bisibisi.

Nimeshukuru mambo mengi baadaye, lakini ile bisibisi naiweka ya kwanza. Nilipokuwa mdogo, maswali yangu yalinipatia makofi shuleni na macho makali kanisani. Baba mdogo peke yake ndiye aliyekuwa akisema, "Sijui, hebu tuangalie," kisha akaacha anachofanya tukaangalia kweli. Kwake halikuwa somo. Alikuwa anataka kujua.

Tulikwenda Mang'ula, kwenye mitiki ya mzee mmoja, milima ya Udzungwa imejaa ukungu wa moshi wa mashamba yanayochomwa. Jua lilipopanda tukaacha kazi tule. Kabla ya kunawa, baba mdogo akazima mashine, akapangusa kifuniko chote kwa nje ili uchafu usidondokee ndani, akafungua.

Grisi ilikuwa safi pande zote isipokuwa chini. Pale chini palikuwa na mwezi mchanga wa vumbi, umejipinda vizuri kabisa, kama mtu aliyeuchora.

Nilishaelewa, na nikakosa hamu ya kusema. Pindo la soksi lina lastiki nene, na lilibanwa pale pale. Ningewezaje kumwambia kwamba kitu alichokibuni kwa kuipenda mashine ndicho kinachoitia uchafu? Nikajifanya nachunguza zaidi.

Hakunisubiri. Aliivika filta soksi yake, akaikalisha mahali pake, akainyanyua chenso yote mpaka usawa wa jicho, akatazama kuelekea mwangaza.

"Inanyanyuka," alisema polepole. "Lastiki inainyanyua. Napaona hadi ng'ambo."

Mwenzake akainama naye akatazama. "Kumbe tumeikalisha kwenye kigoda," alisema, na safari hii hakucheka.

Mimi nilitaka soksi itupwe. Baba mdogo akauliza kwa nini. Nikasema si ndiyo inayovujisha? "Linalovujisha ni pindo," alisema. "Soksi yenyewe imekosa nini?" Akaomba mkasi kwa mke wa yule mzee, akakata lastiki yote, akaifunga soksi kwa uzi juu ya ukingo, filta ikakaa chini yenyewe. Sikuamini. Tukajaribu tena kwa grisi, siku nyingine na soksi, siku nyingine bila soksi. Mara zote grisi ilibaki safi, lakini ikiwa na soksi, filta ilikaa muda mrefu zaidi bila kuziba. Basi soksi ikabaki. Kitu nilichofanikiwa kukiondoa ni ile desturi yao ya kuigonga filta kwenye kisiki ili kuikung'uta, inayopinda ukingo. Sasa inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kivulini, na kila asubuhi baba mdogo hupaka ukingoni grisi nyembamba kama mtu anayepaka mafuta midomo.

Jioni moja aliniuliza, bila kunitazama, kama ile iliyo chini ya kitanda nayo iliuawa na soksi.

Nilimwambia sijui. Ilishafunguliwa na kuoshwa, huenda ilikuwa petroli kweli. Ningeweza kumpa jibu la uhakika, la kumfariji au la kumuumiza, na yote mawili yangekuwa ya kubuni. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani aliridhika zaidi na hilo la sijui.

Jumapili, baada ya ibada, alitia mkasi mfukoni akaenda Katindiuka kwa wakata mbao wenzake. Nilimfuata. Aliwaambia waziwazi kwamba soksi aliwafundisha yeye, na pindo alikosea yeye.

"Vumbi linaweza kupita hapo?" mmoja aliuliza, akibonyeza lastiki kwa kidole gumba. "Hapa pamebana."

"Linavuja," alisema baba mdogo.

Wakacheka wote. Maji ndiyo yanavuja, wakamwambia. Akawaacha wacheke, akaomba filta ya kwanza, akaanza kukata. Mwenzake akanigusa bega. "Wabeja, Vuja," alisema, asante ya kwao, kisha akaenda kuwasaidia kutafuta uzi.

Asubuhi hizi chenso ikiwashwa uani, mama mdogo anaendelea kupepeta.