Kaburi Chini ya Asumini

Nilirudi Moroni na stashahada ya historia niliyoisomea Dar es Salaam jioni, baada ya kubeba magunia bandarini mchana kutwa. Sikusomeshwa na mjomba wala serikali. Katika vichochoro vya mtaa wetu wa Badjanani, ambako kila nyumba hujisifu kuwa na mwanachuoni wake, hakuna aliyekuwa na karatasi kama yangu. Niliitundika sebuleni kwa mama mahali ambapo hata mpita njia aliiona.

Ilikuwa miaka ya mamluki, Wazungu waliotuletea rais kwa bunduki kisha wakabaki kumlinda. Mmoja wao, afisa mwenye sauti ya upole, alipenda magofu. Katika ofisi ya mambo ya kale nilikoajiriwa, nikaambiwa nimpeleke Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, kwa kuwa nilijua Kifaransa na historia pia. Nilishona suruali mpya kwa safari hiyo.

Nyuma ya ngome, juu ya mji, yako makaburi ya ukoo mmoja wa kifalme. Zamani za babu zetu alifika pale Mzungu aliyejiita mtaalamu wa mambo ya kale, akitafuta dhahabu. Alifukua makaburi matatu, akaiacha mifupa juani, akabandua mabakuli ya Kichina yaliyokuwa yamepachikwa kwenye chokaa upande wa kichwani. Matundu yake ya duara bado yapo, laini hata leo ukipitisha kidole.

Aliyeyatunza makaburi hayo alikuwa bibi kizee wa ukoo huo. Nilimwita koko, kama tunavyowaita bibi zetu. Asubuhi, kabla afisa hajapanda, alinivuta kando akanionyesha kichaka cha asumini. Chini yake palikuwa na kaburi la nne, la bibi wa bibi yake. Mzungu yule alipolazwa na homa, wanawake walilifunika kwa asumini, na akaondoka bila kuliona. Mimi alinionyesha ili nisimpitishe mgeni juu yake.

“Msimulie matatu, fundi,” alisema, akiniita kama wanavyoitwa wasomi kwetu. “Ukifika hapa uwe bubu.”

Nikamwahidi.

Afisa aliandika kila neno langu, akiniita profesa. Kisha akatoa kitabu mfukoni, akasema mwandishi wake alithibitisha kwamba makaburi ni matatu, na yote ni matupu. Mtu niliyesoma kwa mgongo wangu mwenyewe, nisahihishwe kwetu na kitabu cha mgeni?

“Kimekosea,” nikamwambia, nikanyoosha kidole kwenye asumini.

Koko alikuwa amesimama na ufagio. Kifaransa hakukijua, lakini kidole alikiona. Akaacha kufagia.

Njiani kushuka, afisa aliuliza saa ngapi watu hukusanyika msikitini Ijumaa. Hilo nalo nikamweleza, kwa kirefu.

Majuma mawili baadaye alikuja ofisini Moroni akaweka bakuli la buluu mezani kwangu, chokaa ingali imeng'ang'ania kitakoni. Dhahabu hakuikuta, alisema. Mifupa tu, midogo.

“Zawadi yako, profesa. Bila wewe nisingejua.”

Nilirudi nalo Mutsamudu. Asumini ilikuwa imetupwa kando, imekauka. Koko alikuwa amekwisha kulifukia kaburi kwa mikono yake, na udongo ulikuwa bado kwenye kucha. Nilimpa bakuli kwa mikono miwili. Hakulipokea. Nikasema nitalipachika upya, chokaa nitainunua mimi.

“Watalibandua tena. Sasa wanajua pa kuja,” alisema. “Kaa nalo. Atakayeuliza, mwambie limetoka wapi. Kusema unajua.”

Lipo hadi leo nyumbani kwa mke wangu, nilikohamia nilipooa kama ilivyo desturi yetu, chini ya stashahada niliyokuja nayo. Mke wangu halishiki. Kila asubuhi unga kidogo wa chokaa huwa umedondoka chini yake, na mimi ndiye ninayeufuta. Miaka yote hii haujaisha. Nimepata vyeti vingine viwili, nimevitundika juu zaidi. Wageni huvisoma, wakanipongeza, kisha macho yao hushuka kwenye bakuli, wakauliza.

Nami huwaambia.