Wenyeji wa Ganda la Nanasi

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Muumba wa tunavyoviona na tusivyoviona, aliyenipa umri na akaniachia kumbukumbu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa bibi harusi wa miezi mitatu katika nyumba ya mume wangu hapa Kalemie, enzi ambazo Wabelgiji waliuita mji huu Albertville. Nilikuwa nimetoka kwetu Kongolo, na bado sikujua kama nimekubalika. Mama mkwe wangu alisifika mtaa mzima kwa siki yake ya maganda ya nanasi. Achari isiyotiwa siki ile haikuitwa achari. Sasa wifi yangu Salima alikuwa karibu kuolewa, na Mama akaitwa Moba kumuuguza dada yake. Kabla ya kupanda boti alinikabidhi mtungi nitengeneze siki ya achari ya harusi.

“Tia maganda, maji na sukari, funika na kitambaa. Usiyaoshe sana. Pangusa vumbi tu.”

Nikajibu, “Ndiyo, Mama,” lakini moyoni nilijiona najua zaidi yake. Siku zile nilihudhuria mafunzo ya kina mama kwenye zahanati, na mwuguzi alitwambia kila mara juu ya vijidudu vya maradhi, “Mikrobe njo adui ya mutoto. Chemsha! Osha na sabuni!” Maneno ya kweli, na wanangu wameishi kwa sababu yake. Basi nikayasugua maganda yale kwa sabuni, nikayamwagia maji yanayochemka, nikayasuuza mpaka yakapauka, ndipo nikayatia mtungini na maji na sukari. Nikajisifu kwamba Mama akirudi ataonja siki safi kuliko yake.

Alirudi baada ya zaidi ya mwezi, ikiwa imebaki wiki moja tu kabla ya harusi. Wanawake walikusanyika uani, mtungi ukafunguliwa. Juu kulikuwa na utando mweusi wa ukungu, na chini maji mazito yanayonuka.

Shangazi wa mume wangu akashika pua. “Salima, mwanangu, wageni wako watakula pilau na matope! Huyu mulimutoa wapi? Hata maganda yamemushinda!”

Wakacheka. Mimi niliangalia miguu yangu, nikiwaza kwamba kabla ya jioni nitaambiwa nifunge nguo zangu nirudi Kongolo.

Mama mkwe akaniuliza polepole, “Uliyaosha na nini?”

“Maji ya moto, Mama. Na sabuni. Niliogopa mikrobe.”

Akanitazama, kisha akawageukia wenzake. “Kosa ni langu. Nilimuambia asioshe, sikumuambia sababu.” Akanishika mkono. “Kuko wadogo wanaokaa juu ya ganda, mwanangu. Hao njo wanapika siki. Wewe umefukuza wapishi, halafu unatafuta chakula?”

Hata shangazi alicheka, na safari hii nilicheka nao. Achari ya harusi tuliitia ndimu na chumvi. Wageni walipouliza siki iko wapi, Mama alijibu, “Mwaka huu tumependa ndimu,” na hakuongeza neno.

Harusi ilipokwisha, alinikalisha na nanasi moja, akanionyesha namna ya kupangusa bila kusugua. Siku ya tatu aliniita niweke sikio kwenye mtungi. Mlikuwa na mchemko mdogo, kama watu wengi wanaonong’ona. “Unawasikia?” akaniuliza. “Kila kiumbe kinamtaja Mola wake. Hawa wanamtaja wakifanya kazi.”

Leo wajukuu waliosoma wananieleza kwamba ngozi ya tunda ni kama mji: wamo wanaoozesha, wamo wanaochachusha, na wamo wanaowazuia wabaya wasiingie. Nawasikiliza kwa furaha, lakini mimi niliusikia mji huo kwa sikio langu.

Basi, mwanangu, usafi ni ibada, usiuache. Tunda utakalompa mtoto, lioshe vizuri. Lakini ukiingia katika nyumba ya watu, au kazi uliyoikuta, usianze kwa kusugua. Uliza kwanza nani anafanya kazi pale bila wewe kumwona. Nawe ukiwa mkubwa ukamkataza mdogo jambo, mpe na sababu yake. Na akikosea mbele za watu, simama upande wake.

Wewe uliyesoma haya, Mungu akubarikie mikono yako na chungu chako, na akuwekee nyumbani mwako mtu wa kukushika mkono siku utakapoharibu. Amina.